Vidole Visipofika

Mhariri, wiki hii mmeuliza kuhusu mitindo ya yoga: ashtanga, iyengar, yin, yoga ya joto, zinatofautiana kweli au ni majina ya biashara tu? Na anayeanza achague ipi?

Zinatofautiana, tena sana. Anayetaka kuiona tofauti aache mabango, atazame mkao mmoja tu: ule wa kukaa chini, miguu umeinyoosha mbele, kisha unainama kushika vidole vya miguu. Kwa Kisanskriti unaitwa paschimottanasana. Watu wazima wengi, hasa sisi mafundi tunaoshinda tumeinamia cherehani, vidole hatuvifikii. Hapo ndipo kila mtindo unapojitambulisha.

Kwenye ashtanga hakuna wa kukusubiri. Mkao ni pumzi tano. Unashika ulipofika, iwe muundi au kifundo, halafu viganja chini, miguu unairusha nyuma, unashuka, unainuka, unarudi kukaa kwa mkao unaofuata. Mpangilio ni uleule, uwe Nairobi au uwe Mysore, mji wa India ulikotokea mtindo huu. Katika darasa la mtindo wa Mysore hata sauti ya mwalimu huisikii sana; kila mtu anakwenda na pumzi yake, mwalimu anapita akisaidia huyu na yule, na mkao mpya hupewi mpaka uumudu uliotangulia. Kama vidole havijafika, njoo tena kesho, ila siku ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maana kwa desturi yao hizo ni siku za kupumzika.

Mwalimu wa iyengar atakuzuia kabla hujainama. Blanketi lililokunjwa linawekwa chini ya makalio ili nyonga zipate kulalia mbele. Mkanda unapitishwa nyuma ya nyayo, unazishika ncha zake mikono ikiwa imenyooka, kifua unakitoa mbele, mgongo unabaki mrefu. Na hapohapo unaachwa, dakika zinakwenda, huku yeye anakuja kukurekebishia kisigino. Saa nzima inaweza kwisha kwa mikao michache tu. Wapo wanaochoshwa na mambo haya. Mimi ndiyo yaliyonifanya niurudie ule mkeka.

Yin ni kinyume kabisa. Misuli unailegeza, mgongo unauacha ujikunje, kichwa kinaning'inia, unakaa dakika tatu mpaka tano, na hakuna anayekuuliza vidole viko wapi. Wanaoifundisha wanasema wanalenga tishu zinazofunga viungo, si misuli. Nadhani mwalimu wa iyengar akiuona mgongo ule uliopinda ataomba ruhusa atoke nje kidogo.

Cha kushangaza ni kwamba hizo mbili za kwanza, zilizo mbalimbali hivyo, zimetoka kwa mwalimu mmoja. Tirumalai Krishnamacharya alifundisha katika kasri la Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930, akifadhiliwa na maharaja. Pattabhi Jois, aliyezaliwa 1915, alibaki mjini humo akaendeleza ule mwendo wa bila kusimama, unaowafaa vijana wenye nguvu. B.K.S. Iyengar alikuwa shemeji wa mwalimu. Alizaliwa 1918, wakati wa ile homa ya mafua iliyoenea dunia nzima, na utoto wake ulipita katika malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Baadaye aliweka makao Pune. Sioni ajabu kwamba mtindo wa mkanda na blanketi umetoka kwa mtu ambaye mwili wake mwenyewe uliwahi kumgomea. Mwanafunzi mwingine wa kasri hilo, Indra Devi, mzaliwa wa Riga, alifungua darasa lake Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, naye alifundisha kwa upole zaidi.

Mitindo mingine nitaipitia haraka. Vinyasa ni mwendo wa ashtanga bila ule mpangilio wake. Mwalimu anapanga mwenyewe, kwa hiyo uzuri au ubaya wa darasa uko kwake. Sivananda ina mikao ya msingi 12, na kati yake unalala chali kupumzika. Yoga ya joto ya Bikram Choudhury ni mikao 26 na mazoezi mawili ya pumzi, dakika 90, ndani ya chumba chenye nyuzijoto 40 hivi. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani ilisema mfuatano ule hauwezi kuwa mali ya mtu kwa hakimiliki. Kwa baridi ya huko naelewa, lakini sisi wa Mombasa, mwezi wa Februari, tulipie joto?

Kuna jambo ambalo wengi wetu pwani tunaliuliza kwa kunong'ona: je, mna ibada humo? Inategemea. Ashtanga na iyengar kwa desturi hufungua kwa maneno ya Kisanskriti ya kumuenzi Patanjali, mhenga wa kale wa yoga. Sivananda na kundalini, mtindo mwingine wa yoga, zina nyimbo nyingi zaidi. Bikram haina. Uliza mapema, bila haya. Sijaona mwalimu wa maana aliyekasirikia swali hilo.

Basi anayeanza achague ipi? Kama mgongo unauma au mwili umekakamaa, aanze na iyengar, au darasa lolote la polepole ambalo mwalimu anatazama watu badala ya kujitazama kwenye kioo. Asiyeweza kutulia, na magoti yake ni mazima, ashtanga itampenda. Yin huwafaa wakimbiaji. Lakini mwenye viungo vilivyolegea tangu kuzaliwa, anayejikunja bila taabu, hana haja ya kuvivuta zaidi, na bahati mbaya ndiye anayeipenda kuliko wote. Mwenye shinikizo la damu au la macho amwambie mwalimu kabla ya mikao ya kichwa chini miguu juu.

Na vifaa visimtishe mtu. Mkanda si lazima ununuliwe: leso moja ikikunjwa kwa urefu inatosha kuzunguka nyayo. Taulo zito linashika nafasi ya blanketi. Kiti, ambacho nacho hutumika kwenye iyengar, kiwe cha mbao, kikiegemea ukuta, kwa sababu cha plastiki kinateleza kwenye sakafu ya vigae.

Msomaji, Mombasa