Kuni zinaisha na maji moto yanamwagwa mtaroni: tununue ekonomaiza ama tungoje?

SWALI: Habari injinia. Mimi ni fundi wa boila kwa kiwanda cha majani chai huku Kericho. Boila yetu inachoma kuni, tunapiga mvuke wa baa 10, unaenda kwa trafu za kunyausha majani na kwa draya ya kuyakausha. Kuni zimepanda bei na meneja amepata mtu wa kumuuzia ekonomaiza ya kufunga kwa chimni, anaambiwa kuni zitapungua sana. Chimni inasoma nyuzi 260. Maji ya boila yanatoka kwa tangi yakiwa baridi tu, karibu nyuzi 25, na yale maji moto ya draya tunayamwaga nje juu paipu ya kuyarudisha ilioza kitambo. Je, tununue?

JIBU: Habari fundi, na asante kwa kuniandikia hizo namba, zimenisaidia sana. Kwa kifupi, msinunue bado. Ekonomaiza, ile mirija ya maji inayofungwa kwa njia ya moshi ili moshi uyapashe kabla hayajaingia boila, ni kitu kizuri, nimefunga kadhaa na zinafanya kazi, lakini vile umeelezea, mtakuwa mnapanda chimni kutafuta joto na huku chini lingine linawatoka kwa mtaro, tena hilo la mtaro ndio rahisi kushika.

Angalia hivi. Mvuke wa baa 10 uko kwa nyuzi 184. Ukiingia kwa redieta ya draya unaacha joto lake na kugeuka maji, lakini hayo maji bado ni moto sana, yamebeba karibu robo ya joto lote mlilolipia kuni. Yakishatoka nje ya trapu (ile valvu inayoachia maji yapite na kuzuia mvuke) presha inaanguka na kama asilimia 17 inaruka kuwa mvuke tena hapo hapo, yanayobaki yanatulia kwa nyuzi kama 93, juu huko kwenu mko mita 2,000 hivi juu ya bahari na maji hayangoji kufika 100 ndio yachemke. Halafu mnayamwaga, mnavuta mengine ya nyuzi 25, mnayatia dawa upya, mnaanza kuyapasha tena na kuni mpya.

Kuna kiwanda kimoja niliitwa kwa shida kama hii yenu. Nilifika saa kumi na mbili asubuhi, baridi ile ya milimani unaijua, na nyuma ya draya mtaro wote ulikuwa unafuka mpaka huoni ukuta wa pili. Wafanyakazi wa zamu walikuwa wanaosha gambuti hapo kwa maji moto, hakuna aliyeona ajabu, walizoea. Nikafuata paipu nikapata valvu ya baipasi (ya kupita pembeni mwa trapu) imefunguliwa kabisa na gurudumu lake limeshika kutu hivyo hivyo. Kumbe siku moja trapu iliziba, draya ikakataa kupata joto, opareta akafungua baipasi ili kazi isonge, na hakuna mtu alirudi kuifunga. Huo sio tena mtaro wa maji, ni mvuke mzima mzima unaenda porini. Simlaumu opareta hata kidogo, yeye alikuwa na majani yanaharibika mbele yake, shida ni kwamba trapu haikuwa na mtu wa kuiangalia.

Kwa hivyo kabla hata ya kurudisha maji, zunguka trapu zote. Shika bisibisi ndefu, ncha kwa trapu, mpini kwa sikio, usikilize. Trapu nzima nyingi utazisikia zikifungua na kufunga, iliyokufa ikiwa wazi inapiga filimbi moja bila kupumzika. Na usidanganywe na wingu jeupe peke yake, juu ata trapu nzima itatoa wingu kwa sababu ya yale maji yanayoruka kuwa mvuke, hilo wingu ni zito na la pole pole. Ukiona mdomo wa paipu una nafasi kidogo yenye huoni kitu, halafu wingu linaanza mbele yake kwa nguvu, huo ni mvuke hai na unawatoka. Usikaribishe mkono hapo, hiyo sehemu isiyoonekana ndio inachoma vibaya zaidi.

Sasa hesabu ya kurudisha maji. Mafundi wa boila tuna kanuni ya siku zote, kila nyuzi 6 unazopandisha maji ya kuingia boila unaokoa kama asilimia 1 ya kuni. Mkitoka 25 mkafika 80 hizo ni nyuzi 55, karibu asilimia 9. Paipu, pampu ndogo ya kusukuma, laging (kufunika paipu ili joto lisipotee) na tangi lililofunikwa, hakuna teknolojia ngeni hapo. Na mnaokoa dawa, juu hayo maji yalishatibiwa, na blodauni (kumwaga maji ya boila yaliyojaa chumvi) inapungua kwa sababu chumvi inayoingia boila ni kidogo.

Lakini kuna mtego, na umewarudisha watu wengi kwa maji baridi. Maji yakipanda zaidi ya 80 pampu ya boila inaanza kulia kama imejaa kokoto, levo inashuka, fundi anaogopa (na ana haki ya kuogopa, boila kukosa maji sio mchezo), anafungua maji baridi na hadithi inaishia hapo. Pampu haijaharibika, ni maji yanachemka kwa mdomo wake juu presha ya kuingia ni ndogo, na kwenu kwa vile yanachemka kwa 93 nafasi ni finyu kuliko ile ya mtu wa Mombasa. Inueni tangi mita 2 au 3 juu ya pampu, paipu ya kushuka iwe nene na bila kona nyingi, na soma karatasi ya pampu uone inataka kimo gani kwa hilo joto. Fanyeni hiyo kazi kabla ya kuunganisha maji moto, sio baada.

Tuje kwa chimni. 260 inanitia wasiwasi. Boila ya mvuke wa nyuzi 184 ikiwa safi, moshi huwa unatoka juu ya hapo kwa nyuzi kama 40 mpaka 60, yaani 225 hadi 245 hivi. Nyinyi mmepita. Kwa hivyo swali langu kwako, mara ya mwisho mlipiga brashi mirija lini? Piga brashi, washa, ngoja boila ishike mzigo wa kawaida, andika joto la chimni. Hio ndio namba ya kumpa muuzaji apigie hesabu. Ikishuka halafu baada ya siku chache tu ianze kupanda tena, masizi yanajaa haraka na kuni zenu ni mbichi. Isiposhuka kabisa, angalia upande wa maji, pengine kuna magamba na hiyo ni mambo ya dawa.

Kuni sasa. Mkaratusi uliokatwa juzi nusu ya uzito wake ni maji, kilo moja inakupa kama megajuli 8. Ukikauka ufike asilimia 25 kilo hiyo inatoa 13. Usiende kwa meneja ukamwambia tutaokoa asilimia 60 lakini, juu kilo ya kuni kavu ina mti mwingi zaidi ndani yake. Kama mnanunua kwa mita za ujazo, faida halisi ya mti ule ule ni kama asilimia 10, pamoja na moto kuwaka vizuri na masizi kupungua. Bado ni pesa nyingi kwa kazi ya kupasua magogo, kuyapanga kwa banda lenye upepo na kuyapa miezi kadhaa. Na mlango wa tanuru, tafadhali, ukiachwa wazi kati ya kutupa kuni unaingiza hewa baridi ambayo mnaipasha na kuirusha nje kupitia chimni.

Laging nitaipitia haraka: paipu ya inchi 4 ikiwa uchi kwa joto hilo inapoteza karibu kilowati 1 kila mita, usiku na mchana. Pima mita zilizo uchi, hesabu na valvu, kila moja ihesabu kama mita nzima.

Hayo yakiisha, ekonomaiza sasa ina maana, na hata itakaa zaidi. Mngeifunga leo na maji ya nyuzi 25, moshi wa kuni mbichi umejaa unyevu na unaanza kutoa jasho kwa mirija ikiwa chini ya nyuzi 60 hivi, jivu linashika hapo kama udongo, halafu kutu. Maji yakiingia kwa 80 hiyo shida karibu yote inaisha. Kushusha moshi toka 240 hadi 160 ni nyuzi 80, na kila nyuzi 20 ni kama asilimia 1, basi tarajia asilimia 4. Akikuahidi 15 mwambie akuonyeshe hesabu.

Muulize pia haya. Mirija ni laini ama ina mapezi, juu mapezi yaliyosongamana kwa moshi wa kuni yanaziba. Kuna mlango wa kusafishia? Kuna njia ya moshi kupita pembeni siku ikiharibika? Feni ya moshi itaweza kuvuta na huo mzigo mpya? Na pampu yenu kama ni ya kuwaka na kuzima, maji yatasimama ndani ya ekonomaiza na kuchemka humo, itabidi mbadilishe muweke valvu ya kulisha maji pole pole bila kukatika. Valvu ya usalama yake iwe hapo siku ya kwanza na mkaguzi wa boila aione kabla haijawashwa.

Ukishapiga brashi niandikie joto la chimni kabla na baada, na idadi ya trapu ulizopata zikipiga filimbi, nikusaidie kupanga hesabu ya paipu ya kurudisha maji mpeleke kwa meneja.