Kabla hujageuza dari kuwa chumba: anza na mbao, malizia na rangi

Mkuu, umesema una nafasi kubwa kati ya silingi na paa, unataka watoto wahamie huko, na fundi amekuahidi kupigilia mbao juu ya zile zinazoshika silingi, aweke ngazi ya kukunja na kazi iishe ndani ya wiki. Nakuomba usimlipe bado. Mimi nimeshageuza dari yangu kuwa chumba cha kulala na watu wanalala humo, kwa hiyo sikukatishi tamaa hata kidogo. Ila fundi wako ameruka mambo mawili yanayoamua kila kitu: uzito, na njia ya kutokea moto ukiwaka.

Mbao zinazoshika silingi ziliwekwa kubeba silingi yenyewe na mtu mmoja anayepanda mara mojamoja kuangalia nyaya. Mhandisi wangu alinieleza kwa kilo, nikaelewa papo hapo. Dari isiyotumika hukadiriwa kubeba takriban kilo 25 hadi 50 kwa mita moja ya mraba, kutegemea kanuni inayofuatwa. Sakafu ya chumba cha kulala inaanzia kama kilo 150. Sasa weka vitanda, kabati la nguo na watoto wanaorukaruka. Mara nyingi haianguki siku hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: mbao zinapinda polepole, silingi ya chini inaanza kupasuka mistari, mtu anapaka rangi upya na kuendelea kulala.

Halafu angalia kenchi zako, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, ni za aina gani. Ukimulika tochi ukaona vipande vya mbao vimekaa mshazari kama herufi W, vimeunganishwa kwa vibati vyenye meno, hizo ni za kiwandani na kila kipande kiko kazini. Ukikata kimoja ili upate pa kupita, mzigo wake unahamia kwa vingine ambavyo havikukadiriwa kuubeba. Inawezekana kuzigeuza, lakini kwa mchoro wa mhandisi na boriti mpya zinazoshikilia paa kabla msumeno haujagusa kitu. Na hata paa lililoundwa mbao kwa mbao usilichezee: mteremko wa paa unasukuma kuta kwenda nje, na mbao ya mlalo ndiyo inayozishika, kama mkanda kiunoni. Ikikatwa, kuta zinaanza kuachana.

Kwangu paa lilikuwa la aina hiyo ya pili. Mhandisi alilala kifudifudi na tochi, tukavuta uzi ukuta hadi ukuta, na kwenye mbao moja uzi ukaonyesha pengo. Kumbe aliyepitisha bomba zamani alichonga ukingo wa chini wa mbao ile karibu nusu ya kimo chake. Ukingo wa chini ndio unaovutika mzigo ukikaa juu. Bomba linapitishwa kwa tundu katikati ya kimo, na ukubwa wa tundu una kikomo. Tulichofanya ni kulaza mbao mpya nene katikati ya zile za zamani, zikakaa juu ya kuta zinazobeba, zikainuliwa kidogo zisiguse silingi. Ukitembea juu, silingi ya chini haitikisiki.

Sasa moto. Moshi unapanda, na chumba cha juu kabisa kiko mbali kuliko vyote na mlango wa nje. Ngazi ya kukunja kwa chumba wanacholala watoto, hapana. Ngazi iwe ya kudumu, yenye reli, na isishukie jikoni. Uingereza, sakafu mpya ikiwa zaidi ya mita 4.5 kutoka ardhini, kwa kawaida ngazi inazungushiwa kuta za kuhimili moto dakika 30 na milango ya kuhimili angalau dakika 20, mpaka mlango wa kutokea nje. IRC, kanuni ya ujenzi wa nyumba za makazi inayotumika sehemu nyingi za Marekani, inadai dirisha la kujiokolea: uwazi wa mita za mraba 0.53, upana usiopungua sentimita 51, kimo sentimita 61, na kizingiti kisizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Ukizidisha upana huo wa chini kwa kimo hicho cha chini hupati 0.53, kwa hiyo lazima kimoja kizidi. Wauza madirisha wengi hawakwambii hilo. Kama unaweka nondo dirishani, ziwe za kufunguka kwa ndani bila ufunguo wala kifaa chochote. Kengele za moshi ziwe kila ghorofa na ziunganishwe, moja ikilia zilie zote.

Urefu wa kusimama upime baada ya kutoa unene wa sakafu mpya na silingi mpya. Kwa IRC hiyohiyo, chumba kinahitaji angalau mita za mraba 6.5; palipo na kimo chini ya sentimita 152 hapahesabiki, na angalau nusu ya eneo linalohitajika iwe na kimo cha sentimita 213. Dari nyingi zinafia hapa, bora ujue mapema.

Joto ni suala jingine. Weka kizuia joto kwenye mteremko, lakini kwa paa nyingi huachwa nafasi ya hewa kama sentimita 5 juu yake, hewa iingie chini na kutokea kileleni, la sivyo unyevu unabaki na mbao zinaoza. Nyaya zilizozikwa ndani ya kizuia joto zinapata joto zaidi, fundi umeme azikague. Na kama paa ni la zamani na kuna shaka ya asbesto (madini ya nyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu), usitoboe wala kukata mpaka lipimwe.

Kibali usikikwepe. Peleka mchoro kwa mamlaka ya ujenzi ya eneo lako, ufuate vipimo vyao hata vikitofautiana na nilivyotaja, na mkaguzi aone mbao, nyaya na viungo kabla hujafunika. Ukishapiga bodi za jipsamu, hakuna anayeweza kukuthibitishia kilicho nyuma.

Kwa sasa panda na tochi na futi, ukanyage juu ya mbao tu, kamwe si juu ya silingi. Piga picha za kenchi kutoka pande zote mbili, pima kimo kutoka mbao za silingi hadi kileleni na upana ukuta hadi ukuta, utuwekee hapa. Kwa hizo tutajua kama mazungumzo na mhandisi ni ya kuongeza mbao au ya kubadilisha paa zima.