Kuchagua Watoto wa Kuwalea Nyumbani: Ushauri kwa Mlezi Anayeanza

Mlezi mwenzangu unayejiandaa kupokea watoto wa watu nyumbani kwako hapa Mbeya, wazazi watakuuliza ada kabla ya jambo lolote, lakini wewe jiulize kwanza ni watoto wa rika gani, na wangapi, ambao nyumba yako na mikono yako vinawamudu. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba malezi ya nyumbani huharibika mara chache kwa sababu ya mtoto mtukutu, na mara nyingi kwa sababu mlezi alimpokea kila aliyebisha hodi. Ukimpokea mtoto usiyemmudu, anayeumia ni yeye, na pamoja naye wanaumia wale waliokwisha kukuzoea.

Kabla ya mtoto wa kwanza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto wadogo mchana visajiliwe, na nyumba yako, ikianza kupokea watoto kwa ada, iko ndani ya jambo hilo. Idadi ya watoto atakayoikubali baada ya kukagua ihesabu kuwa kikomo, na uanze na watoto pungufu yake.

Nafasi yako ipime kwa mwezi wa Julai. Walezi wengi huanza Septemba au Oktoba, jua likiwa kali na uwanja mkavu, watoto wakishinda nje, na nyumba ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Mvua zikianza Novemba, na baadaye baridi ya Juni na Julai ikishuka kutoka milimani, watoto haohao watakuwa chumba kimoja kutwa nzima, madirisha yamefungwa, na mafua ya mmoja yatakuwa ya wote ndani ya wiki. Chumba wanachoweza kulalia mchana bila kubanana, dirisha moja likiwa wazi kidogo, ndicho kipimo chako. Na hapa niseme wazi: usiwashie watoto jiko la mkaa ndani ili wapate joto, hata kwa dakika chache, kwa maana hewa yenye sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu, na mtoto aliyelala haamki kukwambia kichwa kinamuuma. Soksi, sweta na blanketi vinatosha.

Baada ya chumba, hesabu mikono. Jiulize, moto ukizuka jikoni sasa hivi, wewe na msaidizi wako mnaweza kuwabeba na kutoka nao watoto wangapi ambao bado hawajatembea? Hiyo ndiyo idadi ya wachanga unaoweza kuwapokea, na kwa mlezi aliye peke yake sioni kama izidi wawili. Suala hili litakujia mapema, kwa sababu mama aliyeajiriwa hupata likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na ikiisha anakuletea mtoto wa miezi mitatu hivi ambaye kwa afya yake anapaswa kunyonya tu hadi atimize miezi sita. Kwa hiyo, wachanga wawili wakigombea nafasi moja, mimi humchukua yule ambaye mama yake anafanya kazi karibu. Sheria ya kazi inamruhusu mama kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi, na mama aliye jirani anaweza kuitumia ruhusa hiyo, lakini anayefanya kazi Mbalizi huku mtoto yuko Uyole hawezi.

Angalia pia saa za wazazi. Mama anayefungua meza Mwanjelwa huondoka alfajiri, anayefuata bidhaa Tunduma huenda akakwama kwenye foleni ya malori na kurudi usiku, na mwalimu humaliza kazi jioni ya mapema. Wote ni wazazi wema, lakini nyumba yenye mlezi mmoja haiwezi kuwahudumia wote watatu kwa siku moja. Chagua saa zako, ziandike, na upokee watoto ambao kazi za wazazi wao zinaingia humo. Kwa upande wa ada usiwe mgumu kupita kiasi: fedha za mwenye shamba la viazi au mpunga huja kwa msimu, na mpango wa kulipa baada ya mavuno, ukiandikwa na kutiwa saini, ni bora kuliko kudaiana mlangoni mtoto akisikia.

Siku ya maandikisho omba kadi ya kliniki. Isome mbele ya mzazi, uone kama chanjo zimefuatana na umri, hasa ya surua na rubella inayotolewa katika miezi tisa na kurudiwa katika miezi 18. Uliza kuhusu pumu, degedege na vyakula vinavyomdhuru. Mtoto mwenye ulemavu usimkatae kwa kusikia jina la hali yake, kwani sheria inakataza kumbagua. Muulize mama jinsi anavyomlisha, anavyombeba na anavyomtuliza, kisha mkae naye pamoja asubuhi moja au mbili. Mara nyingi utagundua kwamba anachohitaji unakiweza.

Sasa nije kwenye uamuzi mgumu zaidi, wa kumwachisha mtoto aliyekwisha ingia. Mzazi mmoja akilalamika kwamba mwanawe ameng'atwa, utasukumwa umfukuze aliyeng'ata jioni hiyohiyo. Usikubali. Kung'ata ni kawaida kwa watoto walio kati ya mwaka mmoja na mitatu, kwa kuwa wengi wao bado hawana maneno ya kutosha kusema wanachotaka. Andika kwenye daftari saa aliyong'ata, aliyemng'ata na kilichotangulia. Kwa kawaida mtindo utajitokeza: ni kabla ya uji, au kila wanapogombea mpira uleule. Wahisha uji, ongeza mpira wa pili, kaa karibu naye katika saa hiyo, na mpe wiki kadhaa. Ukiona bado watoto wengine wanaumia na wewe umemaliza njia zako, hapo kumwachisha kuna haki, na mzazi apewe muda wa kutosha kutafuta mahali pengine.

Yupo hata hivyo mtoto mmoja ambaye nakusihi usimwachishe ili kuepuka usumbufu. Ni yule anayekuja na alama za kipigo, anayeshtuka mkono wako ukiinuka, au anayekula kama aliyeshinda njaa tangu jana. Mlezi huogopa kuingilia mambo ya nyumba ya watu, na rahisi kwake ni kusema nafasi imejaa. Lakini wewe huenda ndiye mtu mzima pekee, nje ya nyumba yao, anayemvua nguo mtoto huyo na kuona mgongo wake. Andika tarehe na ulichokiona, kisha mpe taarifa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, au piga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Endelea kumpokea kila asubuhi wakati shauri lake likishughulikiwa.

Nafasi nyingi hupatikana Januari, wakubwa wanapoingia darasa la awali, kwa hiyo uamuzi wa nani aingie ufanyike Novemba, ukiwa na daftari la wanaosubiri mbele yako. Mimi huwatanguliza wadogo wa watoto ninaowalea tayari, kisha watoto wa akina mama wasio na bibi wala shangazi mjini, kisha wengine kwa kadiri walivyojiandikisha. Mpangilio huo waeleze wazazi tangu siku wanapoandika jina, ili mama atakayekosa nafasi ajue sababu na awahi kutafuta kwingine kabla ya mwaka mpya kuanza.