Meza vitamini D, lakini picha ya jicho usiikose

Mwenye kisukari akishataja macho mbele ya watu, hapiti siku nyingi kabla ya kuletewa habari za vitamini D. Mimi nina kisukari cha aina ya pili, naishi Uingereza, na binti wa ami yangu aliyeko Muscat hanichoki. Sauti yake kwenye simu huwa ni ile ile: "Dada, macho yako yanataka jua tu. Meza D, hizo kliniki utazimaliza lini?" Ananiambia kwa mapenzi, najua. Ila naandika haya kwa sababu ndani ya maneno yake mna ukweli, na ukweli huo nusu ndio unaowapoteza watu.

Kwanza tujue kinachoharibika. Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga, nao unalishwa na mishipa ya damu myembamba mno. Sukari ikikaa juu miaka mingi, chembe zinazoishikilia mishipa hiyo kwa nje hufa. Ukuta unalegea, unatoa vivimbe vidogo, unaanza kuvuja damu, maji na mafuta. Mingine inaziba kabisa. Sehemu ya retina iliyokosa oksijeni hutoa kemikali ya kuotesha mishipa mipya, na hiyo huota ovyo ovyo, dhaifu, ikipasuka inamwaga damu ndani ya jicho. Makovu yake huweza kuivuta retina mpaka ikabanduka. Na haya yote yanaweza kwenda mbali huku wewe unasoma Kurani yako au gazeti lako bila shida yoyote. Hapo ndipo ninapoogopea wenzangu.

Sasa hiyo vitamini D. Ngozi ikipigwa na jua huitengeneza, ini huibadilisha mara moja, figo huibadilisha mara ya pili, na kinachotoka mwishoni, kalsitrioli, kinafanya kazi kama homoni. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walichapisha kazi waliyoifanya kwa panya wachanga: kalsitrioli ilipunguza sana ile mishipa mipya inayoota kwenye retina. Baada ya hapo tafiti nyingi zikaonyesha kwamba wenye kisukari walioharibika retina mara nyingi wana vitamini D kidogo mwilini. Ukiishia hapo, binti ami yangu ameshinda.

Lakini fikiria: mtu ambaye kisukari kimemwelemea hutoka nje kwa nadra. Mara nyingi ana uzito mkubwa, na unene wenyewe hushusha kiwango cha vitamini D kwenye damu. Figo zake nazo huenda zimeguswa, na figo ndizo zinazoikamilisha. Kwa hiyo D kuwa chini huenda ni dalili ya ugonjwa uliokomaa, si chanzo chake. Njia ya kujua ni kuwapa watu vidonge na kungoja. Marekani walifanya hivyo katika utafiti wa VITAL, watu 25,871, baadhi wakimeza IU 2,000 (IU ni kipimo cha vitamini) kila siku kwa zaidi ya miaka mitano. Walipoangalia ugonjwa wa uzeeni wa kitovu cha retina, ambao nao una aina ya mishipa inayoota na kuvuja, majibu ya mwaka 2020 yalikuwa kwamba vidonge havikuleta tofauti ya maana. Utafiti mwingine wa huko huko, D2d, uliwapa IU 4,000 kwa siku watu waliokuwa karibu kuingia kwenye kisukari. Majibu yakatoka 2019: haikuthibitika kwamba vinakizuia. Na panya hao wa Wisconsin walipewa kalsitrioli yenyewe, si kidonge cha dukani.

Je, tuache kumeza? Hapana, mimi nameza, na sisi weusi wa huku tuna sababu yake. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzo wa Machi jua la Uingereza haliwezi kututengenezea vitamini D, hata likiwaka. Ngozi nyeusi inahitaji jua la muda mrefu zaidi, na anayejifunika buibui na mtandio anapata kidogo kuliko hapo. Kukaa dirishani hakusaidii, kioo huzuia ile miale inayotakiwa. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje, walipopimwa walikutwa na wastani wa nanomoli 115 kwa lita. Hapa Uingereza mtu huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya 25, na tumo wengi. Ushauri wa serikali ni maikrogramu 10, yaani IU 400, kila siku katika miezi hiyo ya Oktoba mpaka mwanzo wa Machi, na sisi wenye ngozi nyeusi tufikirie kumeza mwaka mzima. Ni kwa ajili ya mifupa na misuli. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Sardini, makrili na kiini cha yai navyo vinachangia.

Usizidishe, nakuomba. Nimeshika kwa mkono wangu chupa ya IU 50,000 iliyokuja kwenye mzigo kutoka ng'ambo, ya kumeza mara moja kwa wiki, na mwenyewe alikuwa akiimeza kila asubuhi. Vitamini D hukaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki upesi kwa mkojo. Ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kigumu, na mwisho wake figo. Angalia hizo mbili za mwanzo. Mwenye kisukari atadhani ni sukari yake tu. Bila daktari, usivuke IU 4,000 kwa siku.

Jicho linaokolewa na mambo mengine. La kwanza ni picha. Ukiwa na kisukari na umefika miaka 12, NHS, huduma ya afya ya umma ya huku Uingereza, hukuita kupigwa picha za retina. Wanakutia matone ya kupanua mboni, yanawasha kidogo, kisha unaona ukungu kwa saa kadhaa, kwa hiyo usiendeshe gari. Chukua miwani ya jua. Mwambie mpiga picha akuonyeshe kwenye skrini. Mimi niliyaona ya kwangu: vidoa vyekundu viwili vitatu, vidogo kama ncha ya sindano, pembeni ya mshipa. Ndivyo vile vivimbe. Barua ikija isome: R0 ni safi, R1 ni mwanzo, R2 imesogea, R3 ni mishipa mipya, na M1 maana yake kuna dalili karibu na kitovu cha kuonea. Kwenda kupimwa miwani hakuchukui nafasi ya picha hizi.

Ndugu walio nyumbani, huko barua haiji. Usiseme tu "macho yananisumbua" ukaondoka na miwani. Sema una kisukari, unaomba upanuliwe mboni na upimwe retina. KCMC Moshi, CCBRT Dar es Salaam na hospitali ya Kikuyu kule Kenya zina idara za macho zinazojulikana.

La pili ni sukari na presha. Mwaka 1993 utafiti wa DCCT wa Amerika Kaskazini ulionyesha kwamba wenye kisukari cha aina ya kwanza ambao bado hawakuwa na madoa ya retina, wakidhibiti sukari kwa ukali, hatari ya kuyapata ilipungua kwa asilimia 76. Sijaona kidonge cha vitamini kinachokaribia hapo. Ila kama sukari yako iko juu sana na unaanza insulini au sindano mpya za kupunguza uzito, pimwa retina kwanza, maana kushuka ghafla huweza kuyachafua macho kwa muda. Wajawazito pia hupimwa mara kwa mara zaidi. Na kama una R1, muulize daktari kuhusu fenofibrati, dawa ya siku nyingi ya mafuta ya damu: utafiti wa Scotland uliotoka 2024 ulionyesha inapunguza mwendo wa ugonjwa huu.

Ukiona vidoa vyeusi vinaelea kwa ghafla, pazia linashuka upande mmoja, au mistari iliyonyooka inaonekana imepinda, usingoje barua wala miadi. Nenda hospitali yenye idara ya macho siku hiyo hiyo.