Tulivyomlegeza mama kwa "pumzika"

Mama yangu aliuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, miaka zaidi ya ishirini. Alipoacha biashara, tukamweka nyumbani Bugarika kama bibi harusi: maji tunachota sisi, kufagia anafagia mjukuu, akinyanyuka tu mtu anadakia, "Mama, pumzika." Haukupita mwaka na nusu, akawa hainuki kwenye kigoda mpaka ashike ukuta. Na mnaozijua njia za Bugarika mnajua ni mawe tu, kupanda na kushuka. Hata kanisani akaacha kwenda.

Hospitali, mtaalamu wa viungo hakuandika hata panadol. Alimwambia akae kwenye kiti, asimame, akae tena. Nikaona nauli yetu imekwenda bure.

Tulianza na kiti cha plastiki, kikateleza kwenye saruji nikamdaka. Tangu siku hiyo kiti kinaegemezwa ukutani. Visigino anavirudisha nyuma kidogo ya magoti, anainamisha kifua mbele, ndipo anainuka. Kazi yenyewe hasa iko kwenye kushuka: ashuke polepole kwa hesabu ya tatu, asijitupe kama gunia. Nami namtaka ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi. Mwanzoni alifanya mara tano, akijisukuma kwa mikono mapajani. Sasa anafika kumi na mbili, mikono kifuani.

Kisha anashika nondo za dirisha, anapanda kwa vidole vya miguu na kushuka, halafu anasimama kwa mguu mmoja, kwa zamu. Yote hayaivishi hata uji, na ndiyo saa yake hiyo: uji ukiwa jikoni. Tulipomwachia "ukipata nafasi", hakuipata.

Shirika la Afya Duniani linawashauri wenye miaka 65 na zaidi mazoezi ya kutia misuli nguvu walau siku 2 kwa wiki, na ya kuweka mizani ya mwili walau siku 3. Mapaja kuuma kidogo kesho yake ni kawaida. Goti likichoma, kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha, umwone daktari. Anayemeza dawa za presha, akisimama atulie kwanza kabla ya kupiga hatua.

Jumamosi nilimkuta anapandisha ndoo ndogo ya maji kutoka kwa jirani. Nikakimbia kumpokea. "Wewe," akasema, "nipishe njia."