Ukienda Maziwe, muulize nahodha anatia nanga wapi

Siku niliyoona tumbawe likivunjika mbele ya macho yangu nilikuwa nimeshika kamba ya mashua, pale kisiwa cha Maziwe, baharini mbele ya Pangani. Mgeni wetu, kijana mpole kabisa, alichoka kuogelea akasimama apumzike. Alidhani amekanyaga mwamba. Likakatika tawi zima, na pale lilipokatikia palikuwa peupe kama chokaa. Kosa lilikuwa letu tuliomleta, maana tangu tunatoka Pangani hatukumwambia neno.

Hapo kusini yetu kuna Saadani, hifadhi ya taifa inayofika mpaka ufukweni. Kule mgeni anaambiwa getini asishuke kwenye gari ovyo, na anatii. Maziwe nayo ni eneo tengefu la bahari, lakini mtu akishavaa miwani ya kuzamia hakuna anayemwona anakanyaga nini. Matumbawe ni wanyama hai. Yale makubwa ya duara hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka, kwa hiyo nanga ikiangukia hapo inavunja kwa dakika moja kitu kilichoanza kukua kabla hujazaliwa.

Ndiyo maana nasema, kabla hujalipia chombo, muulize nahodha: nanga unatia wapi? Anayejua kazi atakujibu mchangani, au anafunga kwenye boya. Akikwambia popote, tafuta mwingine. Sisi wenye vyombo tunasikia sana lugha ya mteja, kuliko hata ya bango.

La pili ni maji. Wengi wanataka kuogelea maji yakiwa yamekupwa kabisa, hasa siku za bamvua, yaani maji yanapokupwa na kujaa kupita kawaida, kwa kuwa samaki wanaonekana vizuri. Lakini hapo matumbawe yako chini ya tumbo lako, na ukipiga mapezi mara moja tu umeyagusa. Maji yakiwa yamekupwa tembea mchangani. Subiri yaanze kujaa ndipo uingie. Kama hujui kuogelea vizuri, vaa jaketi la kuelea, usione haya. Anayeelea hatafuti pa kusimama.

Mafuta ya kujikinga na jua nayo yana shida. Mengine yana kemikali iitwayo oksibenzoni, ambayo inadhuru matumbawe machanga. Vaa fulana ya mikono mirefu. Mabaharia wetu wanashinda juani mwaka mzima na nguo zao mwilini.

Na kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota, tafadhali, mwache chini. Naona watu wanamtoa majini, anapita mkono kwa mkono watu wanane wakipiga picha. Yule anapumua kwa maji. Mpige picha pale pale alipo.

Wazee wa Pangani wanaikumbuka Maziwe ikiwa na mivinje na kivuli. Miti yote imekwisha, mchanga umeliwa na bahari, na sasa maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Hilo siwezi kumsukumia mtalii peke yake. Lakini kitu kilichokwisha kudhoofika hakihitaji kuongezewa mzigo, na kila chupa ya plastiki mnayoiacha pale inaingia baharini siku hiyo hiyo maji yakijaa. Njooni na kiroba cha taka, mrudi nacho.

Kasa bado wanapanda pale kutaga, kwa sababu hawajui kisiwa kimebadilika. Kasa mmoja hufukia mayai mia moja na zaidi, na yanahitaji kama miezi miwili mchangani. Yakibaki Maziwe yanafunikwa na maji na kuoza, kwa hiyo wapo watu wanaoyahamishia ufukwe wa Ushongo. Ukikuta mchangani mburuzo mpana kama wa tairi la trekta, unaotoka majini na kurudi majini, usiukanyage wala usichimbe. Mwite nahodha, apige simu Ushongo kabla maji hayajajaa.