Picha Nayo Hubeba Fumbo: Majibu kwa Wapenzi wa Taarab

Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba mpenzi wa taarab asiye na sauti ya kuimba wala mkono wa fidla bado ana kazi ukumbini, akiwa na kamera au hata penseli tu. Barua zimekuja. Nimechagua tatu, na ya kwanza nitakaa nayo zaidi kwa sababu imenikumbusha jambo langu mwenyewe.

*Shikamoo Bi Mkubwa. Nina miaka 23, naishi Mwanakwerekwe, Unguja. Siku za Idi na kwenye harusi nakwenda taarab na simu yangu kupiga picha. Silipwi, napenda tu. Picha zinatoka zimetikisika, uso wa mwimbaji unakuwa mweupe kama karatasi, na wanaokwenda kutunza wananikinga kila dakika. Mjomba anasema ninunue kamera au niache. Tena juzi mama mmoja alinijia juu kwa sababu nilimpiga picha akitunza. Sikumtukana, sikumgusa. Nimekosa nini?*

Marahaba, mwanangu. Simu yako tutaifikia. Kwanza huyo mama.

Anayeinuka kwenda kutunza hapeleki pesa tu. Amekaa kitini tangu saa tatu usiku, amesikiliza nyimbo nne tano, anangoja ubeti wake. Ukifika, anainuka, noti kaibana vidoleni, anakwenda kwa madaha mpaka mbele, na pengine kwenye neno lenyewe anageuka kidogo akaangalia upande fulani wa ukumbi. Wanaojua wanajua. Huo ndio utamu wa taarab: neno limesemwa na hakuna aliyetajwa. Mtunzi hakumsema mtu, mwimbaji hakumsema mtu, na mama naye ametoa shilingi zake tu. Wimbo ukisha, kila mmoja anaweza kukana, na watu wakaenda nyumbani wakalala. Picha yako inaondoa huko kukana.

Yaliyonikuta mimi ni ya mwaka 1991, kwenye harusi ya mtaani kwetu Miembeni. Nilimpiga picha mwanamke ameinua noti juu ya kichwa, kanga imemteleza begani, na nyuma yake, viti viwili tu, jirani yake kamkazia macho. Nilipoisafisha nilifurahi mno. Nyuso mbili katika picha moja, na kila uso una habari yake! Nikatoa nakala nne za ukubwa wa kadi ya posta, nikazigawa kwa waliokuwapo. Kumbe ubeti ule ulikuwa wa mke mwenza, na baina ya nyumba zile mbili palikuwa na maneno ya miezi. Ugomvi ambao ungepita na wimbo, mimi niliutia kwenye karatasi, ukawekwa juu ya kabati la vyombo, kila mgeni akauliza. Nilikwenda nyumba zote mbili kuomba radhi. Nikazikusanya nakala, na negativu nikaikata mbele yao kwa mkasi wa cherehani. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizopiga mwaka ule na sijutii kuikata.

Kwa hiyo mama yule hakukuchukia wewe. Aliogopa picha itakwenda kulala wapi. Nenda kwake na mtu mzima anayemjua, mwoneshe picha, na akitaka uifute uifute mbele ya macho yake. Tangu siku ile mimi nina desturi hizi: mtunzaji nampiga kwa mgongo, au mkono na noti peke yake. Uso wake nikiutaka, namfuata kesho yake mchana namwomba. Wala siandiki maneno ya ubeti chini ya picha ya mtu. Na usirushe picha kwenye kundi la WhatsApp usiku ule ule, damu za watu bado zina moto. Ama shughuli za wanawake watupu, wewe huingii, lakini nawaandikia dada zako wanaosoma hapa: humo simu inakaa mkobani. Mimi mwanamke nimeingia humo miaka arobaini na sina picha hata moja.

Sasa simu. Mjomba nampa heshima yake, ila asikuharakishe. Mimi nilianza 1984 na kamera ya Zenit aliyoniletea kaka yangu kutoka masomoni Urusi, nzito kama tofali, na lenzi yake Helios ya milimita 58. Mkanda mmoja ulikuwa wa picha 36, na mshahara wa mwalimu wa skuli haukuruhusu zaidi ya mkanda mmoja kwa mwezi, basi usiku mmoja nilijipa picha 12. Uchache ule ulinifundisha kungoja. Wewe una elfu katika simu, na ndiyo maana unabonyeza kabla ya jambo kutokea.

Mtazame mpiga fidla. Upinde unakwenda, unakwenda, ukifika mwisho wake unasimama kitambo kidogo kabla ya kurudi. Hapo ndipo bonyeza. Hata kwenye mwanga hafifu mkono utatoka wazi, kwa sababu kwa kitambo kile haukuwa ukienda. Mwimbaji naye akiishikilia sauti ndefu, mwili wake wote unatulia. Mpiga nai, ile filimbi ya mwanzi, anatulia akivuta pumzi. Kila ala ina pahala pake pa kupumzika, na anayependa muziki anapajua bila ya kufundishwa, masikio yake yanamwambia mapema. Hapa wewe mpenzi unamshinda mpiga picha wa kulipwa aliyeletwa kutoka mbali na kamera kubwa.

Uso kuwa mweupe ni kwa sababu simu inaupima ukumbi wote, inaona giza, inaongeza mwanga. Bonyeza kidole juu ya uso wa mwimbaji kwenye kioo, itatokea alama ya jua. Iburure chini mpaka uone rangi ya ngozi yake. Usivute picha kwa vidole viwili, sogea kwa miguu. Egemeza viwiko kwenye mgongo wa kiti. Futa lenzi kwa kitambaa laini, maana jasho la mfukoni peke yake linaweza kutia picha ukungu. Na flashi usiiwashe kabisa. Niliwahi kumwashia mzee mmoja katikati ya taksimu yake, akipiga udi peke yake kwa kubuni. Alifumba macho, vidole vikasita, na watu wote wakanigeukia mimi.

Siku ukipata pesa, tafuta kamera iliyotumika na lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8. Weka ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, 1600 au 3200. Shata, yaani muda wa kupokea mwanga, iweke sekunde moja ya mia, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na taa nyingi za kisasa humeta kwa kasi inayokwenda nao. Shata ikiwa ya haraka zaidi utapata mistari ya giza kwenye picha. Taa za zambarau zikiharibu rangi za nyuso, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe.

Kuhusu kukingwa: usikae katikati. Kaa ubavuni, upande wa mafidla, uwaone mwimbaji na mtunzaji kwa upande. Na uwahi. Bashraf ya kufungulia hairukwi na mtu aliyekuja na kamera, kwa sababu hakuna mwimbaji, hakuna mtunzaji, ni ala tupu na wapigaji wote wako wazi mbele yako.

Hao wapigaji ndio ninaokuomba uwapige. Bi Kidude, Mungu amrehemu, alifariki Aprili 2013, na hadi leo picha zake zimejaa, kwa sababu wageni wa tamasha la Sauti za Busara tangu lilipoanza 2004 pale Ngome Kongwe walikuwa hawaondoki bila yake. Alistahili. Lakini tazama nyuma yake katika picha hizo: mkono wa mpiga ngoma, nusu ya kichwa cha mpiga fidla, giza. Siti binti Saad alikwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, na sauti yake tunayo. Picha yake ninayoiona kila pahala ni ile ile moja. Waliokuwa naye, akina Maalim Shaaban na Mbaruk Effandi Talsam, wakipita mbele ya vijana wa leo, ni wangapi watakaowatambua kwa sura? Klabu zetu ni za zamani, Ikhwani Safaa ni ya 1905 na Culture Musical Club ni ya 1958, na zimebebwa na watu wa mstari wa nyuma. Mpige mzee wa besi. Mpige anayebeba viti.

Kisha safisha picha moja, ya karatasi, umpelekee mwenyewe. Usiku unaofuata atakuwekea nafasi ya kukaa.

*Bi Mkubwa, mimi ni binti wa Tanga, ninachora. Kamera sina na siitaki. Nachora wanamuziki wakiwa jukwaani lakini mikono inanishinda, kabla sijamaliza kidole kishahama. Je, naruhusiwa kuuza michoro yao?*

Tanga yenu ya vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star, ningeshangaa isizae mchoraji wa taarab!

Acha jukwaa, nenda mazoezini. Kwenye mazoezi wanarudia kipande kimoja mara kumi mpaka kikae, na kila wakirudia, vidole vinarudi pale pale vilipokuwa. Anza mchoro wa mkono kwenye mzunguko wa kwanza, ngoja, endelea kwenye wa pili. Nilimwona kijana mmoja akifanya hivi katika chuo cha muziki cha nchi za majahazi, miaka kilipokuwa katika jumba la forodha ya zamani Mizingani. Alikuwa na kurasa nne wazi magotini, kila moja na kipande chake cha wimbo, akihama kadiri wanavyohama wapigaji.

Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, ianze kwa vidole vya shahada, kwani ndivyo vinavyovaa pete zenye kucha ya kupigia. Ukivipata hivyo viwili, mkono uliobaki unavifuata. Kwenye fidla, usichore vidole vinne mbalimbali. Chora kifundo cha mkono kwanza na pembe yake na upinde. Kwa kivuli, kahawa nyeusi iliyokoza, ile ya kwenye buli, inatoa hudhurungi nzuri sana kwenye karatasi nene. Ipake mara mbili tatu, ikauke kila mara.

Tena ukipata nafasi ya kuvuka kuja Unguja, watafute Tausi, wanawake wanaopiga ala wenyewe, kundi alilolianzisha Bi Mariam Hamdani. Safu ya wanawake na fidla mabegani ni kitu ambacho macho yetu hayajakizoea kwenye michoro, na wewe ni wa kutuzoesha.

Kuuza: mwombe mtu kabla, na ukishauza mpe kitu. Sitoi kiwango. Ila mwanamuziki akikuta sura yake imetundikwa dukani kwa watalii na yeye hana nauli ya daladala kurudi nyumbani, utakuwa umemfanyia jambo baya, hata kama mchoro ni mzuri.

*Assalaam alaykum. Nawaandikia kutoka Muscat. Baba yangu aliacha boksi la picha za klabu ya taarab ya Unguja, miaka ya sitini nadhani. Nyingine zimegandana, nyingine zimeshikana na kioo cha fremu. Watoto wangu hawamjui mtu hata mmoja humo. Nizifanyeje?*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Usizibandue kwa nguvu, nakuomba.

Kabla ya lolote, piga picha kila kitu kwa simu, mbele na nyuma, karibu na dirisha pasipo jua kali. Zilizoshikana na kioo ziache na kioo chake, zipige hivyo hivyo kwa upande kidogo ili kising'ae. Zilizogandana, kama ni zile nyeusi na nyeupe za studio na nyuma hapakuandikwa kwa wino, huweza kulainika ndani ya maji safi ya baridi. Jaribu kwanza ile usiyoihuzunikia. Ziache zenyewe ziachane, kisha zianikwe kivulini juu ya kitambaa, uso juu. Zikikataa, simama hapo, umpelekee fundi wa kuhifadhi nyaraka.

Halafu ziweke pakavu. Unyevu wa bahari tunaujua sisi wa pwani zote mbili. Mimi masika moja iliniotesha ukungu ndani ya lenzi ya Helios na hautoki tena. Boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe vinavyokuja ndani ya boksi la viatu, linatosha.

Angalia mihuri nyuma ya picha. Ukikuta wa Capital Art Studio, ni studio ya Shangani aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, na muhuri huo peke yake unakwambia picha ilisafishwa mjini. Nakala zipelekee Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, na nyingine klabuni kwenyewe, kwani huko wazee bado wapo.

Na majina usingoje. Bila shaka hapo Muscat kuna mtu wa rika la baba yako. Ijumaa baada ya sala mpelekee picha mbili tatu, si boksi zima, atachoka. Muulize nani huyu, nani huyu, ukianzia kushoto, na unapoandika tumia penseli laini, nyuma, pembeni kabisa, pasipo kukandamiza.